Mgongo wa Polikarp

Haya nimeambiwa na Kristiana, mke wa Adolfu mpiga video wa Majengo, alipokuja kwangu Milepa kunisaidia kupepeta ulezi, mwaka elfu mbili na kumi.

Adolfu alikuwa anarekodi harusi zote za mjini kwa kamera yake ya kanda. Kila kanda anaiandika jina, anaipanga kabatini, watoto hawagusi. Basi akaja Polikarp kutoka Mbeya na kamera isiyo na kanda, ina kadi ndogo tu. Kadi ikijaa anahamishia picha kwenye kompyuta, anaifuta, anaanza upya. Watu wakamkimbilia. Adolfu chakula kikawa hakipiti.

Hellena, binti wa jirani yao, alipoolewa, kazi akapewa Polikarp. Adolfu alialikwa kama jirani, lakini akaenda na kamera begani.

"Baba Monika, nani kakuita kazini?" mkewe akamwuliza.

"Sijaitwa. Namrekodi yule akikosea, watu wamwone."

Siku nzima akamfuata mgongoni.

Haukupita muda mama yake Hellena akafariki. Hellena akataka amwone mama alivyocheza siku ile, ungo kichwani. Polikarp akakwama. Alipokuwa anakimbilia harusi nyingine kule Matai aliifuta kadi, akidhani ameshaihamisha. Hamna kitu.

Adolfu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Kadi hiyo! Iko wapi sasa?"

"Na kanda yako? Mama wa watu si yumo?" Kristiana akamwuliza.

Adolfu akaufunga mlango wa kabati. Kamera yake inanasa na sauti, na siku ile alinong'ona mengi.

Kanda ikabaki kabatini, mpaka Hellena alipokuja mwenyewe, Polikarp nyuma yake kichwa chini.

"Shikamoo baba Monika. Nasikia nawe ulirekodi. Nimwone mama tu."

Adolfu alimtazama mkewe, akamtazama yule binti, akafungua kabati.

Kwenye televisheni ukatokea mgongo wa Polikarp. Mgongo, mgongo, halafu pembeni ya bega lake mama anakuja, ungo kichwani, anacheka. Na juu ya wimbo wake, sauti ya Adolfu: "Lione linavyojishaua! Shati lenyewe la kuazima. Mungu wangu, wanampendea nini huyu?"

"Shati ni langu, kaka," Polikarp akasema.

Hellena akaangua kicheko, machozi yanamtoka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. "Rudisha nyuma, baba!" Wakarudisha, tena na tena, na kila mama akitokea, Adolfu anatukana upya.

"Nipe niihamishie kwenye kompyuta," Polikarp akasema.

"Wewe? Uifute na hii? Nitamnakilia mimi."

Walipoondoka, jua halijazama, Adolfu akapanda kitandani na kanda akaiweka chini ya mto.

"Bado tu una wivu?" Kristiana akamwuliza.

"Umesikia Hellena alivyoshukuru? Kaanza na Polikarp."

"Lala, baba Monika."

Akajigeuza ukutani akinung'unika, mkono juu ya kanda, mpaka usingizi ukamchukua.