Mkono wa Diwani Mushumbusi

Siku ya bajeti, mwaka wa sabini, madiwani walitafuna kahawa kavu mpaka saa nne, ndipo Mwenyekiti akafungua kikao pale Bukoba mjini. Fedha za ushuru wa kahawa zilizotengewa zahanati ya Ngenge, alisema, zihamishwe zijenge nyumba ya Katibu. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Mushumbusi, diwani wa Ngenge, alijua kabisa kwamba hiyo ni dhuluma. Lakini wenzake wote walikwisha kunyoosha, naye aliogopa kuonekana mkorofi peke yake. Akanyoosha. Hesabu ilipokwisha wengine walishusha mikono, wake ukabaki juu.

Haukumuuma. Nyumbani mkewe Klaudia alifumua mabega ya mashati akatia vifungo. Majirani walimwita awashikie mikungu iliyoelemea migomba. Paroko alimwomba tu akae nyuma, asiwazibie watu altare. Mtu huzoea, bwana.

Tabu ilikuwa vikaoni. Nyumba ilipokwisha, Mwenyekiti alitaka izungushiwe ukuta, kwa fedha za Ngenge zilizosalia. Safari hii Mushumbusi alikaza roho, maana bintiye Felicitas alikuwa na mimba ya miezi saba, na uzazi wa kwanza nusura umwue kwa damu.

"Ndugu Mwenyekiti, napinga! Ushuru huo tumekatwa sisi!"

Maneno yaliwaingia wenzake. Kumi kati yao walibana mikono mapajani. Katibu Rugaibula, mtu mpole, akahesabu.

"Kumi na moja wameafiki."

"Mawe! Umenihesabu na mimi?"

"Ndugu Diwani, mkono wako uko juu."

"Huu haushuki, na wewe unajua!"

"Najua, pole sana. Lakini kanuni inahesabu mikono, haihesabu midomo."

Ukuta ukapita kwa kura moja.

Felicitas alishikwa na uchungu wakati wa masika. Walimbeba kwa machela kuelekea hospitali, wakizama tope hadi magotini, na alijifungulia njiani, akakata roho kabla hawajafika nusu ya safari. Mtoto alipona, wa kike, mzito.

Msibani Rugaibula alileta rambirambi za halmashauri, na habari kwamba zahanati ingefikiriwa bajeti ijayo. Alipewa kiti cha mgeni, kando ya mfiwa. Klaudia akaja na mjukuu, akapiga magoti mbele ya mumewe ampokee, ampe jina. Pale kwao mtoto hapokelewi kwa mkono mmoja. Ni kumtukana yeye na aliyemzaa. Mushumbusi alinyoosha wa kushoto, akaurudisha. Waombolezaji wote walikuwa wakingoja, na mtoto alikuwa analia.

"Mpe Katibu," alisema.

Klaudia alimtazama, akamwita kwa jina la ubaba. "Ta Felicitas, hata leo unaafiki?"

Rugaibula alikwisha kunyoosha mikono yake yote miwili. Akampokea mtoto vizuri tu, akamweka mapajani, na mtoto akanyamaza.