Banzi la Mama Mkwe

Nilipofungua chumba changu cha tiba na kumkuta mama mkwe amekaa pale tena, mkono umefungwa kitambaani, damu ilinichemka. Mezani alikuwa ameweka kipande cha plastiki kilicholala bapa. Wiki iliyopita nilikuwa nimekikunja mwenyewe kikawa banzi la kuutuliza mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bi Haraka."

Jina hilo alinibandika tangu nilipoolewa, kwa sababu nikipita kwake humsalimia nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani.

"Maji moto tena?"

"Lilikuwa linanuka jasho. Nikaliosha."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mama mkwe ni fundi cherehani. Mkasi ulimteleza ukamchana kiganja, na daktari akamshona kano za vidole viwili. Kano zenyewe hazijashika sawasawa. Zikikatika, vidole havitakunjika tena, na cherehani ndiyo basi. Nilishamwambia aliepushe banzi na maji moto mpaka mdomo ukanikauka.

Nikakitumbukiza kile kipande kwenye beseni la maji moto huku nikibamiza vitu. Weupe wake ukapotea taratibu, kikalegea na kuwa kama kioo.

"Hivi kwa nini kinafanya hivyo?" akauliza.

Nilimjibu kwa ukali, lakini nilimjibu. "Ndani ni nyuzi, mama. Nyuzi ndefu ajabu, nyembamba hata hadubini yetu haizioni. Kikiwa baridi, nyingine zimelala zimepangana, nyingine zimevurugana kama uzi uliofumuka kwenye bobini. Ndiyo maana ni cheupe na kigumu. Joto likizidi zinaachiana, zinateleza."

"Na nani kazifunga pamoja?"

"Hazijafungwa. Kila uzi unamvuta jirani yake kidogo tu, mvuto dhaifu. Ila kwa kuwa ni ndefu, zinashikana sehemu maelfu kwa maelfu."

"Kidogo kidogo, kila mahali," akasema, akitikisa kichwa kama anayekubali mshono.

Nikakifuta, nikakilaza juu ya mkono wake, nikaukumbatia kwa mikono yangu yote miwili. Hapo hakuna ujanja, lazima ushike na utulie mpaka plastiki ipoe.

"Mikanda ya kulifungia banzi iko wapi?" nikauliza.

Akauonyesha mfuko wake kwa kidevu. Mikanda ilikuwa imechungulia juu, imebanduliwa kwa uangalifu, imekunjwa na kufungwa uzi. Nikainusa kwa mbali. Jasho tupu. Mtu anayeosha banzi kwa sababu ya harufu huanza na mikanda, maana ndiyo inayonuka. Hii haikuwa imeguswa na maji.

"Mama, umeliyeyusha makusudi."

Akageukia dirishani.

"Leo asubuhi, kabla sijatoka," akasema. "Mkono niliulaza juu ya mto, sikuukunja hata kidogo."

"Ungepoteza vidole!"

"Najua." Akaitazama mikono yangu. "Tangu baba yenu afariki, watu wananishika mkono kunipa pole, kisha wanauachia. Wewe hapa unaushika mpaka kitu kigande."

Hasira iliniishia yote. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu.

"Usinifanyie hivi tena, mama," nikasema. "Jumapili nitakuja kwako. Nitaketi."

"Utaketi?"

"Kabisa. Mkoba nitauacha nyumbani."

Akacheka chini chini, machozi yakimlengalenga. Plastiki ilikuwa imerudia weupe wake chini ya vidole vyangu. Nje wagonjwa wengine walikuwa wanakohoa kwenye benchi.

"Imeshaganda?" akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Akaligonga banzi kwa kucha ya mkono wake mzima. Likalia ko, ko, ko.

"Bi Haraka," akasema, "siku hizi umejifunza uongo."

Wala hakuutoa mkono.