Uakari Aliyechoka

Kila asubuhi Herieth alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kurekodia, akanywa maji ya uvuguvugu, kisha akajifungia humo na kipaza sauti. Upande wa pili wa kioo alikaa Lin, fundi wa sauti. Herieth husoma sentensi, Lin huinua dole gumba, wanasonga mbele. Ndivyo walivyowapa Kiswahili chui, mamba na nyangumi wa kila namna, katika filamu za wanyama zinazotafsiriwa hapa Guangzhou na kwenda kuonyeshwa Tanzania, kwao Herieth.

Asubuhi hiyo dole gumba halikuinuka.

"Rudia," Lin alisema kwa Kichina.

Herieth akarudia: "Uakari aliyechoka hupauka uso, na majike humkwepa."

Lin akavua vifaa vya masikioni. "Malaria iko wapi?"

"Malaria gani?"

"Mimi Kiswahili sijui. Lakini sentensi hii nimeirekodi kwa Kiingereza, nikairekodi kwa Kireno. Wasomaji wote walifika hapo wakasema malaria. Wewe hujasema."

Herieth akaitazama karatasi. Kichina kilikuwa wazi, *nüeji*, malaria, na yeye ndiye aliyetafsiri. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na neno "aliyechoka".

Aliona aibu, kisha akaogopa. Alijua neno hilo limetoka wapi. Katika nyumba anayoishi na wenzake mtaa wa Dengfeng, homa haitajwi. Tangu mwaka ule wa korona, wenzake walipofukuzwa na wenye nyumba wakajikuta barabarani na mabegi yao, hakuna anayesema ana homa. Mtu akichemka mwili, husema amechoka. Wenzake humpa pole, humwachia shuka la ziada, na mambo huishia hapo. Herieth alikuwa amelizoea neno hilo hata likamfuata kazini.

Na dada Felisia, mmoja wa wenzake wa nyumba hiyo, amechoka tangu juzi.

"Tuangalie picha tena," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, na kawaida yenyewe Lin huilalamikia.

Msitu wa Amazoni ukajaa kwenye skrini. Mvua zikinyesha huko, mito hufurika, na miti husimama ndani ya maji miezi mingi. Uakari huishi juu, kwenye matawi: tumbili mwenye manyoya marefu, mkia mfupi kama umekatwa, na kichwa kisicho na unywele. Uso wake ni mwekundu sana, kwa sababu mishipa ya damu imepita karibu kabisa na ngozi. Wekundu huo ndio afya yake, na kila mwenziwe anausoma. Hana pa kuuficha.

Kundi lilikuwa likila. Meno yao yalipasua mbegu ngumu, kach, kach, na sauti ikaenea juu ya maji. Halafu kamera ikamfikia mmoja aliyekaa peke yake, uso mweupe kama unga wa muhogo. Wenzake hawakumfukuza wala hawakumpigia kelele. Walipita juu yake, tawi kwa tawi, hadi msitu ukawa kimya. Yeye akabaki akiitazama kamera, na taya lake likitetemeka.

Kach, kach.

Hakuwa na mbegu mdomoni.

Herieth aliisikia sauti ile ikitoka nyuma yake, si kwenye spika. Aliwahi kuisikia. Asubuhi ile ile, akifunga vifungo vya koti, ilitoka nyuma ya pazia la kitanda cha Felisia, na yeye akadhani dada anatafuna karanga.

Alitoka bila kuaga, viatu mkononi.

Ulikuwa msimu wa unyevu, ule ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho. Ngazi za jengo zilikuwa zimelowa ingawa mvua haikunyesha, na ndani ya nyumba maji yaliteremka ukutani taratibu. Ndinda, mwanamke wa Kikenya aliyeikodi nyumba na kuwapangisha wenzake vitanda, alikuwa akifunga marobota ya nguo za soko la Shisanhang.

"Msomi wa nyani, umerudi mapema. Wamekufuta kazi?"

"Dada Felisia yuko wapi?"

"Kitandani. Amechoka. Nimempa Panadol."

Herieth akavuta pazia. Felisia, mwanamke wa Mwanza mwenye kicheko cha kusikika ghorofa mbili chini, aliyerudi kutoka kwao wiki mbili zilizopita, alikuwa ameketi wima amekumbatia magoti. Midomo ilikuwa imepoteza rangi, na uso umepauka, umekuwa wa kijivu. Meno yalikuwa yakigongana. Alimtazama Herieth kama mtu anayetazama mbali sana.

"Usishuke," Felisia akanong'ona. "Maji bado yako chini."

"Dada, ni mimi. Herieth."

"Wamepita juu. Nimewasikia wakipita."

Herieth akaliachia pazia. Jioni hufanya mazoezi ya kusoma humu humu, kwa mnong'ono. Pengine dada alisikia. Pengine. Lakini sehemu ya kundi kuondoka alikuwa hajaisoma kwa sauti hata mara moja.

"Tunampeleka hospitali," alisema.

"Hospitali, sawa," Ndinda akajibu akisimama. "Lakini lile neno usilitaje hapa, mdogo wangu. *Meiyou.* Hakuna. Mwenye nyumba akilisikia, sote tunalala nje. Mimi nimelala nje mji huu, wewe hujalala."

"Madaktari wa hapa malaria hawaifikirii. Wasipoambiwa—"

"Utawaambia huko huko. Hapa amechoka tu. Tumeelewana?"

Herieth akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo siku zote. Wakamshika Felisia huku na huku. Mwili ulikuwa moto kama pasi, na miguu ilikanyaga kwa hofu, kana kwamba kila ngazi ina kina chake.

Chini, mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na mlinzi. Akamtazama Felisia usoni, akarudi hatua nyuma.

"Ana nini huyu?"

"Amechoka, *laoban*," Ndinda akasema akitabasamu. "Kazi nyingi."

Wapangaji wengine walikuwa wakiingia. Waliona uso ule, wakainamisha macho, wakapita pembeni mmoja mmoja bila neno. Felisia akawafuata kwa macho. Mguu ukamkwama kizingitini, akagoma kukanyaga nje.

Herieth aliuhisi mkono wa dada ukilegea begani mwake. Ndinda alikuwa akimkodolea macho. Herieth akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka ilijaza ukumbi hadi mlinzi akageuka.

"Ana homa," alisema kwa Kichina. "Homa kali. Ni malaria, ametoka nayo nyumbani. Haiambukizi kwa kukaa naye, lakini itamuua. Niitieni gari la wagonjwa."

Kisha akamgeukia Ndinda, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile.

"Hata tukilala nje, da Ndinda. Simwachi."