Vijindevu vya Bi Zunilda

Begoña alirudi Talca na meno. Najua, hata mimi ninayo, lakini yake ni meupe, yamepangana kama vigae vya bafuni, na akicheka anayaonyesha yote mpaka gego la mwisho. Alikuwa Madrid, Hispania, miaka na miaka. Akaingia kliniki ya meno, ambako mimi nimekalia dawati lilelile tangu mimi na yeye tumalize chuo, akanibusu shavuni.

"Yasna, shoga yangu, hujabadilika hata kidogo!"

Nikacheka. Moyoni nikasema, koma wee.

Daktari Olegario alikuwa amepata dodoso la Kiingereza la kuwauliza wagonjwa kama wanaridhika na meno na sura zao, kabla na baada ya kurekebishwa taya. Alitaka liwe la Kihispania. Begoña alikuwa anatafuta kazi, basi mimi na yeye kila mtu atafsiri lake, na ambaye lake litachukuliwa ndiye atakayepewa kazi ya kudumu ya kulisimamia. Nafasi hiyo niliingoja mimi, jamani! Yeye alikuwa wapi? Anajipiga picha Madrid.

Siku ya kusoma tafsiri, nilipofika swali la kidevu Daktari akaanza kucheka. Sisi huku Chile kidevu tunakiita pera. Ni jina la tunda pia, lile pea, ndiyo, lakini hakuna mtu wa Talca anayewaza tunda ukimshika pera lake.

"Yasna, tunapima nyuso hapa au tunauza matunda?"

Begoña naye akacheka. Yeye alikuwa ameandika barbilla, kidevu cha kwenye kamusi, kidevu cha Madrid. Lakini hebu lisikilize: barba ni ndevu. Kwa sikio la mtu wa shamba, barbilla ni vijindevu tu.

"Neno safi hilo," Daktari akasema. Hata mtu aliyepewa kazi ya kuirudisha tafsiri ya Begoña kwenye Kiingereza, bila kuonyeshwa ile ya mwanzo, alitoa kidevu vilevile. Kwenye karatasi halikuwa na kasoro.

"Wagonjwa wetu hawatalielewa," nikasema.

"Wivu huo, shoga," Begoña akanikonyeza.

Ndiyo, ulikuwa wivu! Na nilichosema kilikuwa kweli vilevile.

Kesho yake likajaribiwa la Begoña. Mgonjwa alikuwa Bi Zunilda, mfuga kuku wa kijijini Curepto, ambaye taya lake lilikwenda upande alipopigwa teke na farasi. Daktari alisimama mlangoni, mimi nikakaa pembeni. Begoña akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na Bi Zunilda akajibu vizuri tu mpaka tukafika pale.

"Je, unaridhika na barbilla yako?"

Bi Zunilda akapeleka mkono kidevuni, akapapasa taratibu.

"Kwani vinaonekana?"

"Nini, mama?"

"Hivi vijindevu. Nimeving'oa leo asubuhi, dirishani, kwa kibano. Nimekuja kwa ajili ya taya, binti, na wewe unanikagua ndevu?"

Machozi yakamlenga. Akavuta shali mpaka mdomoni.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimhurumia yule mama, lakini furaha ilitangulia. Nikamkodolea macho Begoña nione anavyoanguka.

Begoña akaweka karatasi chini. Akasogea dirishani, akainua kidevu chake kwenye mwanga.

"Mama, njoo utazame. Mimi nang'oa kila Jumamosi. Nilikuwa naulizia pera lako. Neno nimekosea mimi, unisamehe."

Bi Zunilda akasogea, akamkagua, akacheka mpaka shali likamwanguka. "Ala! Mtoto mdogo, umenizidi ndevu!"

Yaani hata akikosea anapendwa!

"Begoña, umeliokoa dodoso," Daktari akasema. "Tuandike pera."

Neno langu, sifa zake! Nikafungua mdomo niyamwage yote niliyoyaweka moyoni, lakini Begoña akaniwahi.

"Pera ni la Yasna, Daktari. Jana ulilicheka, na mimi nikacheka nawe. Kazi ni yake."

Daktari akakohoa, akatazama viatu vyake, akasema basi, ni yangu. Nikashukuru. Lakini kifua kilikuwa kinawaka upya: hata wema kanizidi!

Jioni, baada ya chai na mkate wa parachichi, dodoso lililorekebishwa likahitaji mtu wa kulijaribia. Begoña akavuta kiti mbele yangu.

"Haya, bosi. Unaridhika na pera lako?"

"Sana."

"Na meno yako?"

Nilitaka kusema sana. Nikamtazama anavyongoja na kalamu yake, anatabasamu.

"Nilikuwa naridhika nayo," nikasema, "mpaka uliporudi."

Tabasamu likamtoka. Akaitazama karatasi.

"Jibu hilo halina kisanduku, Yasna," akasema polepole. "Niweke 'kidogo' au 'hapana'?"

"Weka 'kidogo.' Na ufunge huo mdomo."

Akaweka alama, akaufunga.