Ngazi Yenye Kona Mbili

Mtaani walimwita Mama Vifungo kwa sababu ya cherehani yake. Aliishi na baba yake, mwashi mstaafu, ghorofani katika nyumba ambayo kila mgeni aliyepita aliipiga picha. Mlango ulichongwa na mafundi wa jamii moja, roshani ikajengwa na wa jamii nyingine, na matao ya ndani yaliachwa na wafanyabiashara waliokuja kupita tu wakazikwa hapohapo. Ndiyo maana ilitangazwa kuwa urithi wa taifa, na kibao kikapigiliwa ukutani: ni marufuku kubadilisha chochote.

Kibao hakikumsumbua mtu mpaka mzee alipopooza upande mmoja. Ngazi ilikuwa moja tu, nyembamba, yenye kona mbili kali. Machela haikupita, kiti cha magurudumu ndiyo usiseme. Mzee akakaa juu mwaka wa kwanza, wa pili ukaingia. Chini palikuwa na choo tu, pasipo chumba cha kulala, kwa hiyo binti akawa mtu wa ndoo. Sokoni alikwenda mbiombio akarudi kama aliyeacha chungu motoni. Aliandika barua nne akiomba ngazi ipanuliwe. Akajibiwa kwa nyingine nne zilizofanana, zote za kukataa. Kuuza nako hakuwezekani: nani anunue nyumba asiyoruhusiwa kupigilia hata msumari?

Mzee hakulalamika. Siku moja tu, akitazama dari, alisema, "Nimejenga kuta za watu maisha yangu yote. Sikujua hizi zinanisubiri."

Asubuhi moja afisa wa mambo ya kale alikuja kukagua roshani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na aliisifu kazi ya wazee wa zamani kwa moyo wote. Mama Vifungo alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, kisha akamwomba jambo moja: amsaidie kumshusha mzee akaote jua. Afisa hakuona pa kukatalia. Akambeba mgongoni.

Kona ya kwanza walipita. Ya pili, mguu wa mzee usio na nguvu ulinasa ukutani, na afisa akashindwa kwenda mbele wala kurudi. Alibaki amekunja magoti, shavu kwenye chokaa, jasho likimtiririka. Mama Vifungo, aliyemshika mzee makwapa kutoka nyuma, naye akakwama. Wakawa wanasikilizana pumzi.

"Mwanangu, usisukume," mzee akamwambia afisa polepole. "Utaharibu urithi."

Afisa alianza kucheka, kisha akaacha.

Ilichukua karibu saa nzima kufika chini. Mzee alichubuka kifundo. Afisa aliketi kizingitini, akatoa karatasi na kuandika palepale barua ya kuwaombea kibali kwa wakubwa wake. Jioni majirani wanne wakampandisha mzee tena juu.

Kibali kilitoka baada ya miezi miwili. Ngazi isiguswe, kilisema, ila wanaweza kujenga chumba uani, chenye choo. Chumba kilipokauka mzee akateremshwa kwa mara ya mwisho, akawa anashinda mlangoni akikosoa plasta ya mafundi.

Mama Vifungo akaenda nyumbani kwa dada yake, alikokuwa hajafika tangu mzee augue. Alivua viatu, akaegemea mto. Lakini kila baada ya muda mfupi aliinuka nusu, akidhani ameitwa.

"Kaa, dada," mwenzake akamwambia, akimshika mkono. "Hakuna aliyekuita."

Akakaa. Baada ya kitambo akainuka tena.