Jezi za Saa Kumi

Kwanza nikiri: aliyewachongea wavulana ni mimi. Na sijutii. Haya, najuta kidogo, lakini ni kwa sababu ya jezi tu.

Vyuo vya mji wetu ni viwili, chetu cha Nengo na cha Rugerero. Kila mwaka tunakutana kwenye mpira wa kikapu Jumamosi ya umuganda, baada ya watu kumaliza ile kazi ya pamoja ya asubuhi. Wasichana hucheza saa nane, wavulana saa kumi. Pointi za wote zinajumlishwa, kombe ni moja. Sasa niambie: kama pointi ni zilezile, kwa nini sisi tucheze mbele ya mbuzi wawili na muuza karanga, halafu wao wapate umati?

Ningevumilia, ila baba yangu, mzee Bizumuremyi, anauza vitunguu Goma. Siku ya umuganda hawezi kuvuka mpaka wa Kongo kabla ya saa tano, kazi ikiisha, na kurudi kwake ni saa kumi. Kwa hiyo miaka mitatu amefika uwanjani mimi nimeshavua viatu. Anakaa, anamshangilia Kalisa, nahodha wa wavulana wetu, mpaka sauti inamkauka. Mwaka huu ni wa nne, ndio wangu wa mwisho chuoni. Nilitaka baba anione nikicheza, mara moja tu, basi.

Nilimwomba Kalisa tubadilishane saa. Akacheka!

"Belise, dada yangu, watu wanakuja kuona sisi. Nyinyi munapashaka uwanja moto tu."

Nilichemka.

Mwaka huu mchezo ulikuwa Rugerero. Asubuhi sisi wasichana tulikuwa Nengo tunafyeka majani. Wavulana wakatoroka, wakaenda kuzoea uwanja wa wenyeji. Vijana kumi wazima na begi la jezi, wanatembea barabarani saa tatu ya umuganda, kila mtu ameshika jembe isipokuwa wao! Haikupita muda simu yangu ikalia.

"Ni Uwimbabazi, kiongozi wa hapa Rugerero. Iko vijana hapa, mumoja anaitwa Kalisa. Anasema walimaliza umuganda ya kwao, ati niulize we. Ni kweli?"

Neno moja tu lingewaokoa. Nilimsikia Kalisa kwa nyuma akikohoa kikohozi cha kuniomba.

"Hapana, mama," nikasema. "Hawajagusa jembe. Na wana nguvu sana hao."

"Bon. Basi watamaliza mufereji yote."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo mwenzangu Niyigena akaniuliza, "Na jezi?"

Yesu wangu! Chuo chetu kina seti moja tu: tunavaa sisi, tunavua, wavulana wanavaa na jasho letu humohumo. Tulipofika Rugerero nikakimbilia mferejini. Kalisa alikuwa amelifunga begi mgongoni kama mtoto, anachimba nalo.

"Utazipata tukimaliza," akasema bila kuinua kichwa.

Saa nane ikafika. Mwamuzi, bwana Ndayisenga, akatazama saa yake: dakika kumi na tano, halafu timu isiyo tayari imeshindwa. Machozi yalikuwa karibu. Nikamwendea Yasmina, nahodha wa wasichana wa Rugerero, nikamweleza yote, baba na mfereji na ile simu. Alicheka hadi akajishika mbavu.

"Tutawangoja," akamwambia mwamuzi. "Hata sisi, nani aliwahi kutuona?" Wapinzani wenyewe wakikubali, mwamuzi naye akakubali.

Saa kumi kasoro wavulana wakaja, matope hadi kwenye nyusi. Umati ulishajaa.

"Saa kumi ni yetu," Kalisa akasema.

"Ratiba inasema wasichana kwanza," akajibu mwamuzi. "Nyinyi mtacheza robo mbili tu badala ya nne, kabla giza halijaingia."

Baba akafika mchezo umeshaanza, magunia matupu begani, macho yakimtafuta Kalisa. Akaniona mimi. Hakukaa tena. Hajui sheria hata moja, masikini: nikifunga anapiga makofi, nikipokonywa mpira anapiga makofi, na nilipofanya faulo ndipo alipopiga zaidi. "Ule ni wangu!" alikuwa akiwaambia watu ambao hawakumuuliza.

Tulishinda kwa pointi sita. Wavulana, viganja vimejaa malengelenge, wakashindwa kwa tisa. Kombe likabaki Rugerero.

Kalisa akanijia moja kwa moja. "Ni we umetupotezea kombe."

Ilikuwa kweli. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, lakini baba alishafika, akamkamata kiganja kilekile kibovu na kukitikisa kwa furaha.

"Pole, mwanangu. Leo mi sikukuangalia vizuri." Kisha akanigeukia, sauti imemkauka. "Belise, miaka tatu nilikuwa napigia mutoto ya wengine makofi. Sababu gani hukuniambia kama na we unacheza?"

"Nilikuambia, baba. Kila mwaka."

"Uliniambia," akakubali.

Akageuka pembeni, akajifuta uso kwa gunia. Akasema ni vitunguu. Magunia yote yalikuwa matupu.