Besi Iliyosubiri Vanishi

Mume wangu ana kiburi kimoja tu, lakini kinamtosha: kitu cha mkono wake hakitoki karakana bila kung'aa. Kabati, meza, hata kigoda cha kukalia ukifua nguo, vyote lazima vipigwe vanishi mpaka ujione uso. Wateja wanampenda kwa hilo. Mimi ninayelala na harufu yake sijaulizwa.

Mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi, na miaka yote alipiga besi ya kuazima. Sikio lake moja lilikuwa limeshakufa. Daktari alipomwambia kwamba hata la pili linaondoka na halitarudi, alikuja moja kwa moja karakana.

"Kaka, nichongee besi. Nataka nisikie iliyo yangu kabla masikio hayajafunga kabisa."

"Mimi? Sijawahi kuchonga hata filimbi."

"Basi ndiyo uanze."

Mume wangu akajitosa. Shingo ya kwanza aliichonga nene kama mguu wa meza, tukacheka mpaka shemeji akafuta machozi. Ya pili ikakaa mkononi. Nafasi za vile vyuma vya shingoni alizipima kwenye besi ya kuazima, akazipima tena huku amebana pumzi. Fundi redio, jirani yetu, akafunga sumaku za kunasa sauti na kuunganisha nyaya. Nyuzi nne zikavutwa. Mume wangu akagusa moja, spika ikanguruma, misumari ikatetemeka ndani ya kopo. Akaruka kwa furaha, mtu mzima na kitambi chake.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Nasema imekwisha, na hakuna wa kunibishia.

Shemeji alipofika jioni ile, alikuta nyuzi zimeshatolewa, kaka yake anapiga msasa tayari kwa vanishi.

"Rudisha nyuzi, niipige hivyo hivyo."

"Ikiwa uchi? Watu wataniona fundi gani? Vumilia kidogo, mdogo wangu."

"Watu hawana shida nayo. Mwenye shida ni mimi."

Nikamwambia mume wangu kwamba mbao ni zake, ila masikio si yake. Akaendelea na msasa wake kana kwamba nimesema na ukuta.

Kisha mvua ikashika. Vanishi ikagoma kukauka, na ilipokauka vumbi la msumeno lilikuwa limenata juu yake, akakwangua, akaanza upya. Shemeji alipita kila jioni, anaitazama inavyoning'inia kwenye waya, anauliza, "Bado?"

"Bado kidogo."

Anageuza lile sikio lililobaki, anaomba arudiwe. Mume wangu anarudia kwa sauti kubwa zaidi, jicho kwenye brashi. Kila siku sauti inapanda, na mume wangu hashtuki. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku besi ilipokamilika iling'aa kweli, sikatai. Shemeji alikuwa amesimama nje, ametupa mgongo. Mume wangu akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena, mpaka wapita njia wakageuka, yeye bado anatazama barabara. Ikabidi nikamguse bega.

Alipoiona aliikumbatia. Akachomeka waya, akapiga. Jamani, alipiga! Vidole havikuwa vimesahau kitu. Fundi redio akaja kusimama mlangoni, na mteja aliyekuja kugombana kuhusu droo akasahau ugomvi. Sauti ilikuwa nene, tamu, inapita sakafuni mpaka miguuni. Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Shemeji akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Nahisi inatetemeka kifuani tu," alisema kwa kelele, bila kujua kwamba anapiga kelele. "Kaka, inaliaje?"

 Mume wangu akainua kidole gumba.

"Hapana. Nieleze inavyolia."

Tukamsubiri sote. Mume wangu akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa besi ambayo haikuwa na hata chembe ya vumbi.